Vidole Viwili Kwenye Ua la Kahawa

Sisi tuliosoma sekondari kule Mbozi wakati kamera bado inakula mkanda, tunajuana. Tukikutana misibani siku hizi, tukishamaliza kulalamikia magoti na bei ya mbolea, lazima mmoja aanze: "Mnakumbuka baridi ya mwezi wa saba?" Nani asiikumbuke! Tulinawa uso tu na kujipaka mafuta mengi ili mwalimu wa zamu adhani tumeoga. Sweta moja lilivaliwa toka kidato cha kwanza mpaka viwiko vikatoka nje kusalimia watu. Kande za mchana zilikuwa na wadudu, tukazila macho tumefumba, na bado tukaomba kuongezewa. Jioni ni rede mpaka mpira wa soksi ufumuke. Masuku yakiiva tulitorokea porini, tukarudi midomo inanata, halafu tunaapa mbele ya mwalimu wa nidhamu kwamba tulikuwa maktaba. Hiyo maktaba yenyewe ilikuwa kabati moja, na ufunguo wake ulishapotea.

Wenzangu wakifika hapo wanacheka hadi machozi. Mimi nacheka nao kidogo tu. Nikiikumbuka ile shule namkumbuka Mwalimu Kibona na kamera yake, na nikiikumbuka kamera namkumbuka mama, na nikishafika kwa mama sina tena cha kuchekea.

Mwalimu Kibona alitufundisha Baiolojia. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, kalamu tatu mfukoni, na kamera yake nyeusi ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli upande wa betri. Tulipofika kidato cha tatu alianzisha klabu ya picha za mazingira. Kila wanafunzi watatu walipewa mkanda mmoja, maana yake picha kumi na mbili kila mtu. Kumi na mbili! Ukipiga chafya wakati unabonyeza, moja imekwenda na hairudi. Sharti lake lilikuwa moja: mimea na wanyama wa kwetu, binadamu hapana. "Watu wanajipiga kila Krismasi," alisema, "hakuna anayekipiga kinyonga."

Mikanda ikijaa alipanda nayo gari hadi Tunduma, kwa fundi mwenye studio karibu na mpaka, aliyekuwa anasafisha picha za Watanzania na Wazambia. Mwalimu alitusimulia kwamba ukutani kwa yule fundi kulikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na ndege ya abiria inapita juu yake, na watu wanapanga foleni wapigwe mbele ya hayo maporomoko ya rangi ya mafuta. Fundi alipoziona picha zetu za magome ya miti na vyura alizigeuzageuza, akauliza kwa ile heshima ya Kibemba, "Mukwai, mwenye picha yuko wapi?" Tulicheka sana darasani. Leo naona yule fundi aliuliza swali la maana kuliko sisi wote.

Siku ya kukosolewa tuliiita siku ya kupinduliwa. Kila mmoja alipanga picha zake kumi na mbili juu ya meza ya maabara. Mwalimu anapita mikono nyuma, kimya. Akiona picha yenye kasoro anaipindua kifudifudi, anaendelea na safari. Hakuambii kitu. Akishamaliza mzunguko, wewe mwenye picha unasimama, unazifunua moja moja na kusema mbele ya wenzako kosa lako ni nini. Ukibahatisha, anaipindua tena. Walilia watu pale, wavulana wenye ndevu. Isaya wa Kamsamba alikuwa amepiga ndege wa bondeni likizo nzima, na kila ndege alitoka mdogo kama punje ya mchele. Zilipinduliwa zote kumi na mbili. Akasimama akasema, "Mwalimu, ndege walikuwa wananiogopa." Mwalimu akamwambia, "Kwa hiyo na wewe ukawaogopa." Isaya aliitwa Punje mpaka tunamaliza shule.

Siyo kama hawa wa leo, ukimwambia tu picha yake ina giza anakununia wiki nzima na kukutoa kwenye kundi la simu.

Picha za mshindi zingetundikwa ukumbini siku ya wazazi, peke yake, ndani ya kioo, na jina la mwenyewe kwa herufi kubwa. Jamani, niliitaka ile nafasi! Mimi nilikuwa yule msichana ambaye mwalimu akiita majina anashangaa kumbe nipo. Darasani nilikuwa wa ishirini na tisa, kwenye rede natolewa wa kwanza. Nilitaka angalau siku moja watu wasome jina langu ukutani na mama yangu awepo.

Kamera ilinifikia Ijumaa moja, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha. Anayetoka Mbozi anajua maana yake. Shamba la kahawa unaliacha kijani, unaamka limekuwa jeupe lote, na harufu inaingia mpaka jikoni inashindana na moshi. Maua hayo hayakai, siku mbili tatu yamesinyaa. Jumamosi alfajiri nilikuwa shambani na umande miguuni, kumi na moja nimeshazimaliza jana yake, nimebakiwa na picha moja, na upepo ukakataa kutulia. Tawi linacheza huku na huku. Nikamwita mama aje anishikie.

Alichelewa. Nikaita tena kwa hasira. Kumbe mama alikuwa ndani anajipaka mafuta. Alitoka amevaa kitenge chake cha kanisani, cha njano, na kilemba, saa kumi na mbili asubuhi shambani.

"Mama, huruhusiwi kuingia kwenye picha. Shika tawi tu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Mwalimu amekataza."

Akalishika kwa vidole, akarudi pembeni, akatulia. Nikabonyeza. Akaniuliza, "Nimetokea?" Nikamwambia sijui, mpaka zisafishwe. Alibaki pale anatabasamu, na mimi nikamkumbusha kwamba chai haijapikwa.

Mniulize kwa nini ilikuwa jambo kubwa kwake. Mama yangu hakuwa na picha. Kwenye kipaimara cha kaka, mpiga picha alipofika, mama alikuwa jikoni. Kwenye changu alikuwa jikoni. Siku zote alikuwa anasema, "Anzeni watoto, mimi nakuja," na akija, mpiga picha ameshavuka kilima.

Baada ya wiki tatu picha zilirudi, na kile kidirisha cha kamera kilikuwa kimenidanganya. Mama alitokea. Ua lilikuwa katikati, jeupe, lina matone, kila unyuzi unaonekana. Kushoto kulikuwa na vidole vyake, na nyuma ya vidole nusu ya uso: jicho moja, shavu linalong'aa mafuta, ncha ya kilemba cha njano, na lile tabasamu. Nilirudi nyumbani nikamwambia. Alipiga kigelegele peke yake jikoni. Kesho yake kwaya nzima ya akina mama ilikuwa inajua kwamba siku ya wazazi watamwona mwenzao ukutani.

Siku ya kupinduliwa, Mwalimu Kibona alizipindua zangu tatu tu, haijawahi kutokea. Akafika kwenye ua la kahawa. Akaliinua, akalipeleka dirishani, akakaa nalo.

"Hii ndiyo picha ya mwaka huu," akasema. Halafu akaigonga kwa kucha upande wa kushoto. "Lakini huyu ni nani?"

"Mama yangu, Mwalimu."

"Klabu yetu ni ya nini?"

"Mimea na wanyama, Mwalimu."

"Mama yako ni mmea?"

Darasa likacheka.

"Ni mnyama?"

Likacheka zaidi. Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko yote. Mwalimu sikumchukia hata siku moja, alikuwa anafundisha kazi yake, na kwa kazi yake alikuwa sahihi. Ila mimi nilicheka, na nikapokea mkasi, ule wa maabara wa kupasulia vyura, nikamkata mama. Nilikata vizuri, kwa mstari. Uso ukaanguka kwenye pipa pamoja na maganda ya penseli. Vidole viwili vilikuwa vimeshikana na tawi, nikaona nikivikata nitaharibu ua, nikaviacha.

Nilishinda. Na nyumbani sikusema kitu. Wiki mbili nilimwona mama akikifua kile kitenge, akikinyoosha chini ya godoro.

Siku ya wazazi alitembea na akina mama wawili wa kwaya, viatu mkononi, akavivaa getini baada ya kufuta miguu kwa majani. Niliwaona wakiingia ukumbini. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango. Mama alisimama mbele ya picha, akaitazama. Akasogea. Akatazama zile nyingine zote kumi na moja, polepole, kama anayetafuta kitu alichodondosha. Akarudi kwenye ua. Mmoja wa wale akina mama akauliza, "Sasa uko wapi?"

Mama akanyoosha mkono, akagusa kioo. "Si hivi vidole," akasema. "Hivi vidole viwili ni vyangu."

Na kila aliyepita aliambiwa. Mkuu wa shule aliambiwa. Mzee wa kanisa aliambiwa. "Hivi vidole ni vyangu, na huyu aliyepiga ni mwanangu." Mimi nyuma ya mlango nilitamani ardhi inimeze.

Hakuniuliza kamwe. Ila tangu siku hiyo hakusimama tena mbele ya kamera kwa hiari yake. Ukimwita anacheka, anafuta mikono kwenye kitenge, anasema, "Mimi picha hazinitaki." Tukazoea, ikawa utani wa nyumbani.

Alipofariki nilikuwa mtu mzima, na duka langu la mchele Tunduma. Siku ya pili ya msiba mchungaji akaomba picha ya kutangulia mbele ya jeneza. Tulipekua sanduku, Biblia, chini ya godoro. Haikuwepo. Tukachukua kadi yake ya kura tukaikuza, na ndiyo iliyotangulia: uso wa ukungu, amekunja ndita, kama mtu anayegombezwa. Mama yangu aliyekuwa anacheka na kuku!

Baada ya arobaini nilianza kumtafuta. Nilikwenda shuleni kuulizia mikanda yetu, maana kwenye mkanda alikuwa bado hajakatwa, nikaonyeshwa boksi lililoliwa na mchwa. Nilikwenda kwenye ile studio ya mpakani, nikakuta wanauza vocha na chaja, na yule fundi alishavuka kurudi kwao zamani. Mwisho nikapata namba ya Mwalimu Kibona, mstaafu sasa. Alifurahi sana kunisikia.

"Ua la kahawa!" akasema. "Nalikumbuka kabisa. Lilikuwa ua zuri."

"Na yule mtu aliyekuwa pembeni, Mwalimu?"

Akafikiri kidogo. "Mtu gani?"

Nikamshukuru, nikakata simu, nikakaa juu ya gunia.

Sasa juzi Faraja, binti wa kaka yangu, kaja dukani. Anasomea upigaji picha chuoni Mbeya, na wametakiwa kupeleka picha ishirini za mazingira, wanaziita potifolio. Akanipa simu. "Shangazi, wewe ulikuwaga bingwa, nikosoe." Picha elfu nne ziko mle! Nikamwambia enzi zetu kwa idadi hiyo ungemaliza mikanda ya mkoa mzima. Akacheka, akasema enzi zetu tulikuwa tunateseka bure.

Nilikosoa. Hii upeo wa macho umelala, hii umeukata mguu wa korongo. Nikafika kwenye moja ya mashamba ya mpunga Kamsamba, jua linachomoza, maji yamekuwa dhahabu, ndege weupe wanaruka. Pembeni amesimama baba yake, kaka yangu, suruali imekunjwa magotini, mkono kiunoni, anamtazama mwanawe kama vile hakuna kingine duniani. Nywele zake zimekuwa nyeupe, na mimi sikuwa nimeona.

"Hii ndiyo ya kwanza," nikasema.

"Eeh, ila nitamtoa baba. Walimu watanikata maksi."

"Usimtoe."

"Shangazi, hata haitajulikana kama alikuwepo! Tazama." Akamzungushia kidole. Simu ikafikiri kidogo, na kaka yangu akaondoka. Pale alipokuwa amesimama pakaota mpunga na maji yakaendelea kung'aa. Nilitafuta hata kivuli chake, hakikuwepo.

Nilitaka kumsimulia, nikashindwa pa kuanzia. Wateja wakaja, akaniaga, akapanda bodaboda na simu yake.

Usiku huo nililitoa ua langu sandukuni. Limepauka, limekuwa na rangi ya chai. Watoto wa leo wana kila kitu, hawapotezi hata picha moja kwa chafya, na wakimtoa mtu anatoka mzima mzima na majani yanaota pale alipokuwa. Sisi tulikuwa washamba tu. Mimi na mkasi wangu wa kupasulia vyura, angalau niliacha vidole viwili.