Nyumba ya Tangawizi Niliyoipa Mgongo

Nilisikia kabla sijaona: tak, kama ganda la karanga likipasuka chini ya kiatu cha mtu anayejitahidi kunyata, halafu kimya kidogo, halafu sauti nyingine laini, ya kitu kinachoteleza juu ya kitu kinachonata, na mbele yangu ukumbi mzima ukavuta pumzi kwa pamoja. Na mimi, jamani, mimi niliyekuwa na kipaza sauti mkononi, nilidhani wanavuta pumzi kwa sababu ya uzuri wa maneno yangu.

Ni aibu, na sitaipamba. Mimi ni mwandishi, au hivyo ndivyo ninavyojiita (riwaya moja imetoka, ya pili iko mezani inanitazama kila asubuhi kama mgonjwa aliyechoka kusubiri daktari), na watu wa Tukuyu tunaoishi hapa London wamezoea kunipa kipaza sauti kila panapohitajika maneno, iwe harusi, iwe ubatizo, iwe msiba. Nimekipenda hicho kipaza sauti kuliko inavyofaa. Ndicho kilichoniponza, hicho pamoja na tangawizi.

Kaka yangu Ambakisye alifariki mwaka huu, miti ya huku ilipokuwa inaanza kuota majani. Alikuwa dereva wa basi, na kwa miaka yote ya kuendesha basi alikuwa akijenga nyumba Tukuyu, mwaka huu matofali, mwaka ujao mbao za paa, kama tunavyojenga wote tulio mbali, na hakuwahi kulala humo hata usiku mmoja. Tulimrudisha akazikwa kando ya nyumba hiyo. Mke wake, shemeji yangu Debora, alikwenda kuzika peke yake kwa sababu pasipoti ya binti yao Atupele ilikuwa imekwisha muda, nami nikabaki na mtoto, na Debora aliporudi hakuitaja tena Tukuyu. Mtoto akiuliza lini ataenda kuona alipolala baba yake, Debora husema, "Tutaona," kisha huinuka kuosha vyombo ambavyo vilikwisha kuoshwa.

Kila Desemba tunakodi ukumbi Woolwich, watu wanapika, wanasali, wanacheka, na watoto wanashindana kujenga nyumba za biskuti ya tangawizi, mchezo walioutoa shuleni kwao. Mwaka huu Atupele, mwenye miaka tisa, alinijia na neno lake.

"Anko, nataka tujenge nyumba ya baba. Mama akiiona ilivyo nzuri, atataka kunipeleka." Alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake (Kiswahili anakielewa chote, hata kile cha kuteta wageni, ila kujibu hujibu kwa lugha ya shuleni).

Nilipaswa kumwambia kwamba biskuti haina nguvu hiyo. Badala yake nikamwambia, "Tutajenga mpaka watu walie." Mwandishi huyo.

Tulijenga kwangu, Walthamstow, kwenye jiko ambalo watu wawili hawapishani. Nilikuwa na picha moja tu ya ile nyumba kwenye simu, imepigwa kwa mbele, kabla haijapigwa lipu. Ya nyuma nikayabuni, hata jiko nikaliweka ubavuni, kwani kubuni si ndiyo kazi yangu? Maelekezo yalisema tangawizi ya unga, kijiko kimoja. Nikacheka. Nikamwambia Atupele kwamba tangawizi ya unga ni ya watu wasio na kinu, sisi tutatia yenyewe, nikaenda sokoni nikarudi na tangawizi mbichi nene kama mkono wa mtoto, nikaitwanga yote na kuimimina na maji yake. Unga ukalegea, nikaongeza unga, nikaongeza asali, ukalegea tena. Kuta zilitoka kwenye oveni na harufu ambayo ingemfufua mtu, na laini kama maandazi ya moto.

"Anko, inabonyea," alisema Atupele, kidole kikiwa ukutani.

"Itakauka."

Lakini upambaji, jamani, upambaji ulikuwa mzuri, na hilo silikani hata leo. Tuliyeyusha pipi ngumu za rangi ya chungwa tukazimimina kwenye matundu ya madirisha, zikaganda, ikawa kama mtu amewasha taa ndani. Bati tuliezeka kwa krispsi za viazi zenye mikunjo, moja juu ya nyingine, maana hakuna kitu kinachofanana na bati kama krispsi zile. Migomba tulisimamisha kwa vijiti vya mdalasini, kila kijiti na majani ya mnanaa kichwani. Udongo mwekundu ulikuwa sukari guru iliyokunwa, uzio ulikuwa kashata za ufuta, maua ya mlangoni yalikuwa ubuyu. Saruji ilikuwa ute wa yai na sukari ya unga, na Atupele aliipaka kwa ncha ya kisu, ulimi ukiwa nje, kimya, kama fundi anayelijua jina la mwenye nyumba. Nilipomuuliza kama tunyunyize sukari nyeupe juu ya paa iwe theluji, kama nyumba za wenzake, alinitazama kwa huruma. "Anko. Tukuyu hakuna theluji."

Tuliipakata kwenye treni mpaka Woolwich, mtu mmoja akainuka kuipisha nyumba ikae, na kila breki ilipokanyagwa nilihisi kuta zikiinama kidogo ndani ya mikono yangu, kama mzee anayesinzia.

Pale ukumbini nyumba zote zilikuwa zimepangwa kwenye meza ya korido, penye baridi kali. Watoto wa Mama Gwamaka, mwenyekiti wetu, walikuwa wamejenga ghorofa lenye lifti ya uzi, na wengine wamejenga kanisa lenye kengele ya chokoleti. Atupele akataka tuiweke yetu hapohapo.

Mimi nikautazama ule ukuta wa mbele uliokuwa umeanza kupata tumbo, nikaamua. Nisikilizeni vizuri, maana yote yaliyofuata yanatoka hapa. Kwetu kitu kibichi hukaushwa motoni. Nimekulia nyumba ambamo juu ya mafiga palikuwa na kichanja, na juu ya kichanja kulikuwa na mahindi, kuni zilizoloa, hata viatu vyangu vya shule, na vyote vilishuka vikiwa vikavu. Kwa hiyo nikaibeba nyumba ya kaka yangu nikaiweka kwenye dirisha la kupakulia chakula, lile linalotazamana na jiko la ukumbi, na nyuma yake yakachemka masufuria mawili, moja la ndizi na nyama, jingine la chai ya maziwa kwa ajili ya watu wote. Sikukumbuka kwamba mafiga yetu yalitoa moshi mkavu, na kwamba nyumba yetu ilipitisha upepo kila pembe. Hapa madirisha yote yalikuwa yamefungwa, na mlango wa ukumbi ni ule mzito unaojibamiza wenyewe, kila aliyeingia aliambiwa kwa kelele, "Shika mlango! Baridi!" Mvuke haukuwa na pa kwenda.

"Lusajo, mwanangu," Mama Gwamaka aliniambia akinipa kipaza sauti, "useme machache ya kumkumbuka kaka yako, kisha tunywe chai. Machache. Watu wana njaa."

"Dakika mbili, mama."

Nikasimama mbele ya lile dirisha, nyumba ikiwa mgongoni mwangu, uso wangu kwa watu. Debora alikuwa ameketi nyuma kabisa, ametoka kazini moja kwa moja, koti juu ya sare, na Atupele alikuwa amemshika mkono akimwelekeza kwa kidole: tazama, Mama, ile pale. Nikaona Debora ameinua macho. Basi nikasahau dakika mbili. Nikasema mtu hujengewa na jasho lake. Nikasema kuna nyumba zinazoinuliwa kwa matofali na nyumba zinazoinuliwa kwa upendo (nasikia haya mpaka masikioni ninapoyaandika haya). Nikaona wanawake wa mstari wa mbele wanaweka viganja midomoni, nikajua nimewagusa, nikaongeza. Nikaona mzee mmoja ananyoosha kidole kuelekea kwangu, nikadhani ananiunga mkono, nikamtikisia kichwa. Baadaye niliambiwa kwamba wakati huo madirisha ya pipi yalikuwa yanatiririka ukutani, machozi ya rangi ya chungwa, na bati la krispsi limelegea kama nguo iliyofuliwa. Mimi nikainua sauti nikasema, "Na nyumba hii, ndugu zangu, nyumba ya Ambakisye, imesimama!"

Tak.

"Lusajo," alisema Mama Gwamaka kwa upole kabisa. "Geuka."

Nikageuka. Paa lilikuwa linateremka likiwa zima, polepole, kama mtu anayeshuka kitandani. Nikarusha mikono yote miwili kulidaka, kidole kikatoboa ukuta, ukuta ukaanguka na mwenzake, na kipaza sauti nilichokiachia kikaruka juu ya dirisha la kupakulia na kuzama kwenye sufuria la chai. Spika zikatoa sauti moja ya kububujika, kama mtu anayesukutua mdomo mbele ya mkutano. Kisha zikazimika.

"Mkandarasi kaiba saruji!" akasema yule mzee wa kidole, na ukumbi ukapasuka kwa kicheko, kicheko cha watu waliokuwa wamekibana muda mrefu, hata mimi nikataka kucheka niokoke. Kisha wakamwona Atupele. Alikuwa amesimama katikati ya viti, halii, analitazama tu lile rundo la biskuti, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayepewa habari kwa mara ya pili. Kicheko kikafa mstari kwa mstari mpaka nyuma.

Nilisimama pale, krispsi zilizolowa kwenye mkono wa shati, chai ya watu wote imeharibika nyuma yangu, na yale maneno mazuri niliyoyasema yalikuwa bado yananing'inia hewani kama mvuke wenyewe.

Debora akaja mbele. Alipita katikati ya watu bila haraka, akaweka mkoba wake chini, akayatazama yale maangamizi.

"Nani amekwambia jiko liko upande huu?" akaniuliza.

"Kwenye picha, shemeji..."

"Picha ipi? Ile ya kabla ya lipu?" Akashika ukuta mmoja uliolegea, akaulaza kwenye ubao, akaunyoosha kwa kiganja. "Jiko liko nyuma. Amba alitaka moshi uende mgombani. Mimi nikamwambia nataka dirisha kubwa kule nyuma, niwe napika huku namwona mtoto anacheza. Tuligombana juu ya hilo dirisha wiki nzima, hatukusemeshana, tunaachiana ujumbe kwenye friji. Na nikashinda."

Akaanza kuvipanga vipande, si kuvisimamisha, maana havikuweza tena kusimama, bali kuvilaza chini kama ramani: ukuta huu sebule, ukuta huu chumba cha Atupele, hapa veranda. Mikono yake ilijua kila kitu. Miezi yote hii tulidhani ameisahau ile nyumba, au anaichukia, na kumbe alikuwa anatembea ndani yake kila siku, chumba kwa chumba, peke yake. Akavihamisha vijiti vya mdalasini akavipanga nyuma ya jiko.

Atupele alikuwa amesogea. Akauliza kwa Kiingereza chake, taratibu, "Na baba yuko wapi?"

Debora akavunja kipande kidogo cha kashata, akakishika kitambo, kisha akakiweka kati ya migomba.

"Hapa. Ukisimama dirishani, unamwona." Akapangusa vidole kwenye sare. "Nilisimama pale siku tuliyozika, mwanangu. Dirisha langu mwenyewe. Ndiyo maana nilishindwa kukaa."

Atupele akaweka kidole kando ya ile kashata, bila kuigusa. "Tukisimama wawili?"

Debora akaweka kidole chake kando ya kile cha mtoto.

"Tukisimama wawili, labda," akasema. "Shule zikifungwa. Tukafanye pasipoti yako."

Mama Gwamaka akainjika sufuria lingine la chai, mtu akafungua dirisha, na baridi ikaingia, safi. Mimi nilibaki nikichuma krispsi kwenye shati. Tangu siku ile nimeapa: tangawizi ya unga, kijiko kimoja, na nikipewa kipaza sauti nageuka kwanza nitazame nimesimama mbele ya nini, na mara nyingi nikishatazama nakirudisha.

Debora aliufunika ule ubao kwa kitenge, akaubeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Nikamfuata mpaka karibu na mlango.

"Nawe utakuja," akaniambia bila kugeuka. "Utabeba mabegi."

"Nitabeba, shemeji. Na kama pale kaburini watahitaji mtu wa kusema machache..."

"Lusajo."

"Nimekoma."

Atupele alitangulia, akausukuma ule mlango mzito kwa bega, akaushikilia mama yake apite na nyumba. Kisha akapita yeye, akageuka akaukamata kwa nje kwa mikono yote miwili, asiuache ujibamize, na ukafungwa nyuma yao polepole, bila kutoa sauti.