Boule ya Anaclet, au Jinsi Mpunga wa Luberizi Ulivyopanda Ngomo

Mwezi wa kwanza wa mwaka 1976 Kamati ya Mavuno ilitangaza, kwa redio na kwa karatasi zilizobandikwa hadi kwenye milango ya makanisa, kwamba tatizo la usafiri wa mpunga wa bonde la Ruzizi limekwisha. Haikusema kwamba litakwisha. Limekwisha. Kamioni mbili mpya zilikuwa zimekabidhiwa taifa. Hakuna gunia litakalonyeshewa. Raia mwenye mpunga alitakiwa kuuanika, kuufunga na kungoja.

Huko Luberizi, mama mkwe wa Anaclet Cirhuza alianika, akafunga, akangoja wiki tatu. Magunia yake ishirini yalikuwa yamepangwa chini ya turubai lenye matundu, na mvua ya bondeni haikuwa na redio. Alikuwa mjane, na mavuno mengine yangekuja mwezi wa sita. Mpunga ukilowa huota ndani ya gunia, na mpunga ulioota hata bata huutazama mara mbili.

Anaclet alikuwa karani wa maktaba mjini Bukavu. Kwa miaka kumi na minne hakuna aliyemwona akibeba kitu kizito kuliko kamusi. Kwenye karatasi za serikali alikuwa citoyen Cirhuza, raia Cirhuza, kwa kuwa serikali ilikuwa imeyafuta majina ya watakatifu. Nyumbani alikuwa Papa Colombe, kwa jina la binti yake wa kwanza, ambaye kwenye karatasi naye hakuwa Colombe. Alikuwa na Peugeot 404 break, yenye nafasi ya mizigo nyuma, rangi ya maziwa, aliyoifuta kila asubuhi kwa kitambaa kisichoruhusiwa kufuta kitu kingine. Mama mkwe alimheshimu kwa kiasi. Akiulizwa mkwe wake anafanya kazi gani, alijibu kwamba anatunza karatasi za watu wengine.

Mke wake, Adolphine, ndiye aliyepiga hesabu. Gari lingebeba magunia manne. Mafuta waliyokuwa nayo, ya kugawiwa kwa bon, vikaratasi vya mgao, yalitosha kwenda Luberizi na kurudi mara moja tu.

"Papa Colombe," akasema, "mvua haitangoja Kamati." Kisha akaenda kutazama sufuria yake.

Nyuma ya parokia kulikuwa na remorki, tela la kupakia boti, iliyoachwa na Mzungu mmoja aliyeondoka bila nia ya kurudi. Boti ilikuwa imeshapata mwenyewe mpya, mtu mkubwa. Remorki haikutakwa, kwa kuwa mtu mkubwa hapendi kitu kisichoweza kwenda chenyewe. Paroko aliiazimisha kwa sharti kwamba Anaclet akate majani yaliyokuwa yameimeza. Seremala akaitandika mbao. Ikabaki shida moja: 404 haikuwa na mahali pa kuifungia.

Cyprien, fundi wa kuchomelea wa mtaa wa Kadutu, hakuona shida. Alilizunguka gari, akagonga bampa iliyong'aa kwa kidole, akasema angechomelea ndoano ya fer à béton, nondo ya kujengea, pale pale.

"Hii pare-choc iko nguvu. Saa moja tu, unaenda."

Anaclet akamwuliza kama anajua tanki la mafuta liko wapi. Cyprien akainama, akatazama, akakiri kwamba liko karibu.

"Lakini Papa Colombe, miaka kumi nachomelea. Hakuna gari ililipuka."

"Hata moja?"

"Moja. Na ile ilikuwa ya Burundi."

Anaclet akashukuru, akarudi kazini. Wengine walimshauri pini ya trekta, ambayo ingepatikana siku hiyo hiyo kwenye mashamba ya chai. Akaenda kuitazama, akaona inavyocheza ndani ya tundu lake, akaiacha. Kisha akafanya jambo ambalo watu wa Kadutu walilisimulia muda mrefu kama kichaa cha kisomi: akaazima kitabu katika maktaba yake mwenyewe, akajiandikia fishi ya kuazima, akaitia sahihi na kuipiga muhuri. Kilikuwa kitabu cha Kifaransa juu ya mashine za shambani, na tangu kifike hakuna aliyekigusa. Kwa siku mbili alikisoma mezani wakati wa kula. Siku ya tatu alikuwa na mchoro: mti wa chuma unaopita chini ya gari, umefungwa kwa bulon sita, bolti nene, kwenye mihimili miwili ya pembeni, mbali na tanki, na katikati yake boule, kichwa cha chuma cha mviringo cha milimita hamsini, kama ilivyoandikwa kwenye mdomo wa remorki.

Boule ilichongwa na tourneur mmoja, fundi mchonga vyuma wa kiwandani, kutoka kwenye ekseli ya kamioni iliyokufa. Ilipotoka ilikuwa laini kama yai. Anaclet aliibeba mfukoni mwa koti lake la abacost siku nzima, mfuko ukavutika hadi kwenye paja, na ofisini aliiweka juu ya barua ili upepo usizipeleke. Mkubwa wake alimwuliza ni nini. Akajibu kwamba ni boule ya atelage, kwa sauti ambayo wengine huitumia kutaja shahada.

Jumamosi Cyprien alikuja na drili ya mkono, maana umeme ulikuwa umekatika. Hakukasirika, alisema angetaka kuona mwenyewe jinsi kitabu kinavyofunga bulon. Anaclet akatandika mkeka uani, akavua miwani, akaivaa tena, akaingia chini ya gari kwa mgongo. Majirani walikuja kutazama miguu yake. Walipima matundu mara tatu. Tundu la nne lilipotoka kando kwa milimita mbili, Cyprien alitaka kulipanua kwa tindo. Anaclet akakataa, wakatoboa bamba jipya, na mchana ukaisha hivyo. Jioni Cyprien alipanda juu ya boule kwa miguu miwili na kurukaruka. Gari lilishuka na kupanda. Boule haikusogea.

"Sasa hii," akasema, "utavuta nayo hata nyumba."

Anaclet akashuka bondeni na remorki alfajiri ya Jumatatu. Luberizi alimkuta Philémon, mume wa dada yake Adolphine, aliyekuja kutoka kisiwa cha Idjwi kusaidia. Philémon alikuwa amepakia mitumbwi tangu alipoota ndevu na hakuhitaji maelekezo. Kwenye remorki alipanga magunia kumi na mawili nyuma kabisa, manne mbele. Mtumbwi hupakiwa hivyo, pua ikae juu ya maji. Akafunga kamba, fundo zuri sana, akapanda kiti cha nyuma kati ya magunia manne ya garini.

Kabla hawajafika Kamanyola remorki ilikuwa ikicheza dansi. Ilivuta mkia wa gari kushoto, ikaurudisha kulia, na kila shimo likauinua. Usukani ukawa mwepesi ajabu. Anaclet aliposimama, Philémon alikuwa na maelezo tayari: kile chuma cha kitabu kimelegea.

Anaclet akashuka, akatikisa boule. Haikulegea hata kidogo. Akatazama pua ya remorki inavyoisukuma juu, akaelewa kwamba uzito uko nyuma mno.

"Shemeki, tunashusha."

"Byote?"

"Byote. Bizito bikuye mbele kidogo, karibu na magurudumu."

"Ku Idjwi, ukipakia hivyo, unakunywa ziwa."

"Huku hakuna ziwa, shemeki. Huku kuna Ngomo."

Philémon akaanza kufungua fundo lake. Mlima wa Ngomo ulikuwa mbele yao, na kila mtu wa njia ile alijua idadi ya kamioni zilizolala chini ya kona zake. Wakashusha magunia yote kumi na sita, wakayapanga upya, mvua ikiwa imeshafika Rwanda ng'ambo ya mto. Kisha wakapanda, vitesi ya kwanza, gia ya polepole, kona baada ya kona, Philémon akitembea nyuma na jiwe mkononi, tayari kuzuia gurudumu. Jiwe halikutumika. Huko Nyangezi, mlima ukiwa umebaki nyuma yao, Anaclet alizima injini, akaenda nyuma, akaweka kiganja juu ya boule. Ilikuwa ya moto na mahali pake.

Mama mkwe alikuwa amepanda gari lingine asubuhi, akawa anawangoja uani Bukavu. Katika familia ile mama mkwe hamsemeshi mkwe uso kwa uso, kwa hiyo aliisemesha remorki. Alihesabu magunia, akaingiza mkono ndani ya moja, akatoa mpunga mkavu. Akainama juu ya boule, akaigonga kwa fimbo.

"Adolphine, hii nani alifunga?"

"Mukwe wako, mama."

Bibi akagonga tena, akasikiliza.

"Hii haitatoka," akaiambia boule.

Kesho yake Anaclet alipeleka magunia sokoni Kadutu. Njia fupi haipiti mbele ya maktaba. Alipita mbele ya maktaba.

Kamioni ya kwanza ya Kamati ilifika Bukavu mwezi wa nane, ikivutwa na trekta.