Nilifunga sola ya maji moto kwenye sabla ya zamani Quriyat, kiangazi kikaniumbua mbele ya wakwe

Wakuu, hamjambo humu.

Naandika kutoka Muscat. Hii si chai, yamenikuta mwenyewe, na mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Kwanza mnijue. Mzaliwa wa Unguja, shule niliiacha kabla haijanizoea. Leo nna kampuni yangu ya mabomba hapa Ansab, mafundi wananiita arbab, yaani bosi, na mainjinia wenye vyeti hunipigia simu wakikwama. Sijisifu, ndiyo hali.

Sasa kule Quriyat kwa wakwe zangu kuna sabla ya zamani. Kwa msioijua, sabla ni ukumbi wa mtaa. Harusi hapo, msiba hapo, na nyuma kuna chumba cha kuoshea maiti. Kuta za mawe na chokaa, nene balaa.

Kamati ikasema hita za mle ndani zinakula umeme mno, na siku hizi kila mtu ni green energy. Mwenyekiti, shemeji yangu Khalfan, akaniuliza tufunge nini.

Wengine walitaka heat pump, ile mashine inayopasha maji kwa joto la hewa. Nikakataa, ile ingetaka kutoboa ukuta wa mababu. Nikasema sola! Panel na tangi vinakaa juu ya paa la vyoo vipya, ukuta wa zamani hauguswi hata na msumari, jua la bure. Watu wakapiga makofi.

Mmoja tu hakupiga. Mama mkwe, Bi Zuwena, ambaye ndiye aliyekuwa akiosha maiti wa kike mtaa mzima.

"Seif, funga masola yako, lakini hita zangu za ukutani niachie."

"Mama, za nini tena? Hizo scrap."

"We baba, umekuja Oman jana? Kiangazi nitachota wapi maji ya baridi?"

"Bomba la baridi si lipo?"

"Haya, arbab. Wewe na jua lako."

Watu wakacheka, mimi pia. Nikazing'oa zote.

Baridi ilipoingia, wakuu, nilikuwa mfalme. Wazee wanatawadha alfajiri kwa maji vuguvugu, bila kutumia umeme. Nilipigwa picha mpaka nikachoka.

Kikaja kiangazi. Bi Zuwena akafariki, asubuhi tu, ghafla. Maziko baada ya Asri.

Tumekaa wanaume sablani, wanawake wameingia kumuosha. Mara mke wangu Rahma anatokea mlangoni, mkono mwekundu, analia.

"Seif, maji yanaunguza!"

"Fungueni la baridi."

"Ndilo hilo la baridi!"



Msiokaa Ghuba hamtaelewa. Kiangazi matangi ya juu ya paa yanachemka, bomba la baridi linatoa maji ya chai. Kwa hiyo watu huzima hita za ndani, maji yanakaa humo kivulini yanapoa, halafu ukitaka baridi unafungua bomba la moto. Kila nyumba inafanya hivyo. Mimi? Kwangu nna tangi lenye chiller, mashine ya kupoza maji. Nilishasahau watu wanaishi vipi!

Na maiti anaoshwa kwa upole kama aliye hai. Huwezi kummwagia mama yako maji yale.

Khalfan hakunitazama. Alitoka akaita majirani. Dakika chache wanawake wakaanza kumiminika na ndoo, maji ya kwenye hita za majumbani mwao. Nimesimama mlangoni kama nguzo.

Bibi mmoja wa jirani, ndoo kichwani, akaniambia, "Arbab, tupishe."

Nikapisha.

Asri haikutupita, alizikwa kwa wakati.

Sola bado ipo, na bado nasema nilichagua vizuri. Kiangazi naifunika turubai. Lakini nimerudisha hita mbili ukutani na sijaziunga umeme. Kazi yao kupoza maji tu.

Nilichojifunza: jengo la zamani usiulize kuta zake tu, muulize anayelitumia, miezi yote, si ile ya baridi peke yake. Na akikujibu, usicheke.

Haya wakuu, mafundi wenzangu, nani kashawahi kung'oa kitu akajua kazi yake baadaye? Semeni. Mkitaka kunitukana pia karibuni, ila mama mkwe alishanimaliza.