Nukta za Rangi Moja

Juzi, kwenye duka moja la steshenari hapa Karatu, mzee mfugaji kutoka Olbalbal alikuwa akichapiwa barua ya kumwomba mbunge maji. Binti wa duka alipotafuta jina la mbunge kwenye kompyuta, mzee akaona mchoro wa viti vya Bunge.

"Binti, hizi nukta ni nini?"

"Ni wabunge, mzee. Kila chama na rangi yake."

Akapitisha kidole kwenye kioo, taratibu.

"Mbona karibu zote rangi moja? Sisi ng'ombe hatuwahesabu. Wakirudi jioni tunaangalia rangi ipi haipo. Hawa, akipotea mmoja, mtajuaje?"

Binti akatazama mlangoni, akaufunga mchoro haraka. Mimi nikainamia fotokopi zangu, ambazo nilishazikagua mara mbili.

Msimcheke binti. Hata mimi, someni tena, rangi yenyewe sijaitaja.