Viganja vya Manjano

Mke wangu alipokwenda Lubondja kumsaidia mama yake kuvuna karanga, aliniachia binti yetu wa mwaka mmoja na nusu, pamoja na amri moja: boga lililopondwa pamoja na mafuta ya mawese, kila siku. Mtoto alikuwa amedhoofika hadi mbavu zikahesabika, na ndiyo kwanza mashavu yameanza kujaa. Mimi ukinipa amri naitekeleza. Nilimimina mawese bila ubahili.

Wiki ya tatu niliona viganja vyake vimegeuka manjano. Nyayo pia. Nilimtoa uani kwenye jua, nikamrudisha ndani, nikamtoa tena. Mama jirani akaja kuchungulia, akashika kichwa.

"Papa, huyu mutoto iko na manjano ya ini. Usimupatie tena mafuta, hata kidogo. Mupatie maji ya sukari."

Hapa mjini Baraka, hilo kila mtu analijua, na mimi nililijua pia. Nikaficha chupa ya mawese, na boga nikaacha kupika. Siku nne mtoto alikula wali mweupe na kunywa maji ya sukari, akilia na kunyoosha mkono kwenye sufuria ya boga iliyokuwa tupu, nami nikizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutaga. Kituo cha afya kiko karibu, lakini niliogopa kwenda kuambiwa kwamba ni kweli. Niliogopa mke wangu angerudi na kukuta kaburi.

Siku ya tano nilimbeba, nikaenda. Muuguzi, mwanamke asiye na haraka, akamvuta kope ya chini.

"Macho iko meupe. Ingekuwa ini, macho njo ingeanza kugeuka manjano. Hii ni rangi ya boga na mawese. Mafuta inaibeba, inaingia mu damu. Mwili inageuza ile inahitaji kuwa vitamini, ile inabakia inajiwekea mu ngozi. Haina mubaya. Mupunguzie tu kidogo."

Nilicheka kwa nguvu hadi akina mama kwenye foleni wakageuka. Kisha muuguzi akamweka mtoto kwenye mzani, akatazama kadi, akatazama mzani tena.

"Mbona amepunguka? Ulimupatia nini hizi siku?"

Nilimjibu. Hakunigombeza, na heri angenigombeza.

Jumamosi mke wangu alitua gunia lake mlangoni, akambeba mtoto, akafungua viganja vile, bado manjano, akacheka.

"Ona mikono! Umemulisha muzuri, papa."

Nikasema ahsante. Habari ya siku zile nne sijamwambia mpaka leo.