Tawi la Mama Lenye Uzi wa Buluu

Mama alikufa mvua za Septemba zilipoanza. Juu ya mlango wetu, kwenye msumari, aliacha tawi la Jumapili ya Matawi, alilolisuka kuwa msalaba na kulifunga kwa uzi wa buluu. Baba alikuwa ametangulia zamani. Mimi ndiye mkubwa, yaya, kama wadogo zangu wanavyoniita. Niliacha masomo nikaanza kuuza unga wa muhogo sokoni Kadutu, wadogo zangu wawili wabaki shuleni.

Kabla ya Kwaresima padri alitangaza kwamba matawi ya mwaka jana yarudishwe parokiani, yachomwe, yatoe majivu ya kutupaka. Niliwaambia wadogo zangu kuwa la mama litakwenda pia, maana yeye hakukosa kulirudisha hata mwaka mmoja. Jumatatu niliporudi kutoka sokoni, msumari ulikuwa mtupu.

Sikuuliza ndani ya nyumba. Nilimfikiria moja kwa moja mwanamke jirani anayekaa juu yetu mlimani, kiongozi wa shirika, jumuiya yetu ndogo ya sala. Ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba na gunia la kukusanya matawi. Alijua saa ninazokuwa sokoni. Na tangu mazishi alikuwa akituletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, bila kuombwa. Mtu akuletee sombe kila wiki, anatafuta nini? Nilishasikia kwamba kitu cha marehemu hufanyiwa dawa za kichawi. Mkristo hasemi hivyo, lakini nilikuwa nikiwaza hivyo.

Jumanne mchana shirika lilikutana kwake. Desturi yetu ni kwamba kabla ya majivu kila mtu amwombe jirani yake msamaha, mkono kwa mkono. Alipofika kwangu, sikuupokea mkono wake.

“Maman, tawi yetu iko wapi?”

“Sikuingia kwenu, mutoto yangu. Nilikuta mulango imefungwa.”

Nilichukua gunia nikalimwaga sakafuni. Matawi makavu yote yanafanana. Nilipekua moja moja nikitafuta uzi wa buluu.

“Angalia muzuri,” alisema mzee mmoja. “Pengine aliikula na sombe.”

Walicheka. Yeye alipiga magoti, akaanza kuyarudisha ndani ya gunia.

Nyumbani nilimsimulia mdogo wangu wa kike, nikiwa bado na hasira. Aliacha sahani alizokuwa akiosha, akafungua sanduku la mama, akatoa tawi katikati ya vitenge.

“Yaya, ulisema wataichoma. Mama tulishamuzika. Sasa tumuchome tena?”

Nilimkumbusha kwamba kila mwaka mama mwenyewe ndiye aliyelirudisha. Baadaye akaufungua uzi mwenyewe kwa kucha, akanipa tawi.

“Basi uniachie hii.”

Nilipanda kwa jirani. Alilishika tawi, akaligeuza.

“Uzi iko wapi?”

“Kwa mudogo wangu.”

“Ilitoka ku mashini yangu ya kushona. Mimi nilimupatia mama yenu.”

“Pardon, maman,” nilimwomba msamaha.

“Hapa tuko wawili tu. Ulimwaga gunia yangu mbele ya watu.”

Hata wakati huo nilishuku kwamba anataka kuniaibisha. Lakini Jumatano asubuhi, kabla ya misa ya majivu, shirika lote likiwa limesimama mbele ya kanisa, nilimwendea nikamwomba msamaha.

Mikono aliiacha ndani ya kitenge.

“Umesema polepole,” alisema, akimwonyesha kwa kidevu yule mzee wa utani wa sombe. “Muzee hakusikia.”

Nikarudia kwa sauti. Ndipo akanyoosha mkono.