Gia Iliyolala Majivuni

Baba alipomfuata mama kaburini, mimi nilikuwa darasa la sita, na wadogo wangu walikuwa wanne. Nyumba yetu katika laini za wafanyakazi wa shamba la chai, upande wa Kericho, ilikuwa ya kampuni. Asiye na kazi hakai. Nikaacha shule, nikawa kibarua wa fundi wa kuchomelea katika karakana ya kiwanda.

Fundi alikuwa mzee mpole. "Usidhani ni chuma kinachowaka," alikuwa akiniambia. "Ni hewa yenyewe imegeuka moto." Nilifikiri ananitania. Miaka mingi baadaye binti yangu alinisomea kitabuni kwamba hewa iliyopashwa moto na umeme kiasi hicho huitwa plasma. Nikamwambia mzee alijua, jina tu ndilo hakuwa nalo.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, mzee akiwa amekwenda kwao kumzika shemeji yake, gia kubwa ya mashine ya kusokota majani ilipasuka asubuhi. Majani ya jana yalikuwa yameshanyauka. Yakikaa mpaka kesho yangeharibika yote. Msimamizi alinitazama.

"Leo tutajua kama ulikuwa unajifunza au unaota moto tu. Ukishindwa, nyumba nampa mtu mwenye kazi."

Niliipasha gia moto juu ya kuni, nikashusha kinyago, nikagusa chuma kwa kijiti cha kuchomelea. Nilichomelea kidogo kidogo, nikigonga kila sehemu kwa nyundo kabla haijapoa. Kisha nikaifukia katika majivu ya moto ya tanuri la kukaushia chai.

Saa sita msimamizi alirudi na ndoo ya maji.

"Toa hiyo kitu tuipoze."

"Hapana, mzee. Chuma cha namna hii kikipoa ghafla kinapasuka tena."

"Mtoto wa darasa la sita ananifundisha chuma! Kwani umepika nini humo?"

"Viazi, mzee. Bado havijaiva."

Watu wa mashine waliangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Saa kumi naifukua mwenyewe. Ikitoka na ufa, usije hata kuniaga."

Nikaketi kwenye debe kando ya majivu, ndoo ile nikiwa nimeibana kati ya miguu. Chuma kama hicho kikipasuka hulia, sauti nyembamba tu, nami nilikuwa nimetega sikio. Lakini saa nane mvua ya mawe ilianza kupiga mabati, kama kawaida ya huko, nisisikie hata pumzi zangu. Ilipokatika sikujua kama gia ilikuwa imelia au la.

Saa kumi msimamizi aliifukua kwa koleo, akaining'iniza kwa mnyororo, akaigonga kwa nyundo. Yenye ufa hutoa sauti ya kopo. Hii ililia kama kengele ya kanisa, ikaendelea kulia. Akaigonga tena, nadhani kwa kupenda tu.

"Ifungeni kwenye mashine," akawaambia wenzangu. Kwangu akasema, "Nenda ukaoge, unatisha watu. Kesho uje ofisini uandikwe fundi wa pili."

Habari za laini hukimbia kuliko watu, na ile ya kufukuzwa ilikuwa imenitangulia. Nilipofika nyumbani dada yangu anayenifuata kwa kuzaliwa alikuwa ameshafunga blanketi na sufuria zote kwa kamba, wale wengine watatu wameketi juu ya mzigo.

"Tunaenda wapi?" aliniuliza.

"Hatuendi popote. Fungua sufuria kwanza, nina njaa."